Vidole Viwili Ubaoni

Kendi binti yangu, mama yangu,

Mambo ya sweta, viatu vya mvua na dawa ya malaria mama yako ameshakueleza, tena kwa sauti ambayo majirani wote wa Nchiru sasa wanajua umebeba soksi ngapi. Mimi siyarudii. Nimebaki ofisini mchana huu kwa sababu Kapteni ameenda Nairobi kupokea wageni, madereva wako gereji, na hakuna wa kuniuliza karani anaandika nini. Kesho asubuhi unaenda Karurumo kujifunza gari la mlimani kwa Mzee Nyaga. Barua hii nitakupa ukiwa umeshaketi garini na dereva amewasha injini. Nimepanga hivyo kwa makusudi. Nikikupa mapema utaniuliza maswali, na tangu nijijue sijawahi kulijibu swali gumu nikiwa nimesimama mbele ya mtu.

Kwanza nikuombe radhi kwa jambo dogo, ili nipate nguvu ya kufika kwenye kubwa. Mwezi uliopita nilisema kwamba msichana aliyemaliza kidato cha nne hawezi kwenda kulala chini ya landrova na kupakwa grisi na mzee asiye wa ukoo wetu. Nilisema watu wa kwetu Ruiri watatucheka. Nilimtaja hata bibi yako, kana kwamba amewahi kumcheka mtu anayefanya kazi. Sikuamini neno hata moja katika hayo. Nilikuwa natafuta tu mlango wa kukuzuia, na mtu mwoga akitafuta mlango hushika wowote ulio karibu. Ukaniuliza mbele ya mama yako, "Baba, unaogopa gari ama unaogopa Mzee Nyaga?" Nikainuka nikasema naenda kuangalia kama kuku wamefungiwa. Ilikuwa saa nane mchana.

Ninamwogopa Mzee Nyaga. Sasa nikueleze kwa nini.

Umekuja ofisini mara nyingi, lakini siku zote nilikukalisha kwenye benchi na kukupa gazeti, kwa hiyo hukuwahi kuona tunavyofanya kazi. Kampuni hii huwapeleka wageni mlimani kwa magari, kupitia njia ya msitu upande wa Chogoria, hadi juu kwenye nyasi ambako miti imekwisha. Wageni wanalipa ili wakwame. Huo ndio ukweli wa biashara yenyewe, na miaka minane sijauzoea. Bibi yako amekwama na mkokoteni wa punda kila Aprili kwenye barabara ya Ruiri, amesukuma hadi magoti yakazama, na hakuna aliyempiga picha. Lakini mtu atatoka mbali, atasukuma landrova dakika tano huku akicheka, atapigwa picha na matope shavuni, halafu atarudi hapa kututazama kana kwamba ametoka vitani.

Na Kapteni ndiye anayewauzia vita hivyo. Jina lake ni Kirimi. Hajawahi kuwa jeshini. Kofia ndiyo iliyompa cheo. Huwaambia wageni kwamba alikua msituni akiwajua nyati kwa majina, na kila mtu mjini Meru anajua alikua nyuma ya duka la babake akipima sukari. Siku ambayo wageni wanafika, huagiza magari yapakwe matope. Usicheke, ni kweli. Kuna ndoo ya kazi hiyo nyuma ya stoo, na udongo mwekundu uliochujwa mawe ili usikwaruze rangi. Gari safi, asema, halina hadithi. Mimi ndiye niliyeandika agizo la kununua ndoo hiyo. Nililipiga kwa taipu, nakala mbili.

Madereva nao si watakatifu. Ukiwasikia wakizungumza utadhani mlima uliumbwa ili wao waupande. Kila mmoja amewahi kupita mahali ambapo wengine wote walishindwa, na kila mmoja alipita peke yake, pasipo shahidi. Mimi walinifanya chakula cha asubuhi. "Karani, hii gari haiumi, iguse tu." "Mpeni kalamu ashikilie, asianguke na upepo." Nilicheka pamoja nao, kicheko kile cha mtu anayetaka kufaulu kwa kupendwa. Nilikuwa na cheti cha kidato cha sita, nikajiona bora kuliko wote, na bado nilikuwa nikiwapisha mlangoni.

Nyaga alikuwa tofauti. Hakujisifu na hakunicheka. Akirudi kutoka mlimani aliketi ukingoni mwa meza yangu, akanieleza njia ilivyokuwa, kona baada ya kona, kana kwamba mimi ni mtu anayehitaji kuijua. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba gari linaloanza kuteleza halipigwi breki, na kwamba usukani ukishikwa kwa nguvu mikono haisikii kitu. Alikuwa na kawaida ya kushuka mahali pabaya, kuvua viatu na kutembea kwenye matope kwa nyayo kabla ya kupitisha gari. Wenzake walimwita Mama Mkunga kwa sababu hiyo. Hakujali.

Sasa sikiliza jinsi taarifa ya barabara ilivyokuwa ikitolewa, maana kosa langu limo humo.

Kule kwenye geti la msitu kulikuwa na askari aitwaye Muthomi. Kila alfajiri alitembea hadi kona moja ndani ya mianzi, mahali ambapo maji hukusanyika, akachomeka fimbo kwenye matope hadi igonge pagumu, kisha akapima kwa vidole vyake sehemu iliyozama. Vidole viwili, gari linapita bila wasiwasi. Vidole vinne, gari lazima lifungwe minyororo magurudumu yote, na libebe wageni watatu tu badala ya sita. Kiganja kizima, hakuna anayepanda. Saa kumi na mbili na nusu mimi nilikuwa kwenye redio hapa ofisini, naye ananiambia idadi. Naiandika kwenye kitabu, halafu natoka nje naiandika kwa chaki kwenye ubao. Dereva huangalia ubao. Ukisema vinne, anakuja kwangu nampa ufunguo wa stoo ya minyororo. Ukisema viwili, ufunguo unabaki kwenye droo yangu, na dereva haruhusiwi kusimama njiani kupima chochote. Kapteni alisema dereva anayeshuka kuvua viatu wakati ubao umesema viwili anawatia wageni hofu, na alishawahi kumwandikia Nyaga onyo kwa ajili hiyo. Onyo hilo pia nililipiga mimi kwa taipu.

Asubuhi ninayoizungumzia ulikuwa na miaka kumi na miwili. Gari la pili lilikuwa limevunjika ekseli. Wageni walikuwa sita na gari moja. Muthomi akaniita kwenye redio na kusema, "Karani, andika vinne. Kumenyesha usiku mzima na bado kunadondoka." Nikaandika vinne kwenye kitabu, kwa mwandiko wangu mzuri. Nilipogeuka Kapteni alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai. Alikuwa amesikia kila kitu.

Ningependa kukuambia kwamba alinitisha. Hakunitisha. Hakuinua hata sauti. Alisema wageni wake wameshaamka na wameshavaa, na kwamba hapendi kuharibiwa asubuhi na namba. Halafu akafungua dirisha akasema, "Jua hilo hapo. Unaliona ama hulioni?" Nikasema naliona. Akasema, "Basi."

Ni hayo tu, Kendi. Neno moja, basi. Nikachukua chaki nikatoka nje, nikaandika viwili.

Nataka ujue nilichokuwa nikifikiri, kwa sababu ndicho ninachokidharau zaidi. Sikufikiri kwamba nadanganya. Nilijiambia kwamba hadi gari lifike kwenye mianzi itakuwa saa nne, na jua litakuwa limekausha njia. Mimi, niliyefaulu jiografia kwa alama za juu, ninayeweza kukuchorea mlima huu nikiwa nimefumba macho na kukuonyesha upande unaopata mvua na upande ambao hauipati, nilichungulia dirisha la mjini Meru nikaamua hali ya kona iliyo upande mwingine wa mlima, chini ya mianzi ambayo jua haliingii hata mwezi wa Februari. Mtu ambaye hajasoma asingeweza kujidanganya vizuri hivyo. Angekosa maneno.

Nyaga alikuja akautazama ubao. Akatazama juu mbinguni, akavuta hewa puani. Akaingia ofisini akafunga mlango nyuma yake, akaniuliza polepole, "Karani, ni viwili vya redio ama ni viwili vya Kapteni?"

Alijua swali la kuuliza. Alinipa nafasi ambayo hakuna mtu amewahi kunipa kwa uwazi kama ule. Ningeweza hata kunyamaza, na kunyamaza kwangu kungetosha. Nikasema, "Vya redio, mzee."

Akasema, "Ukisema wewe, sawa." Akaenda kuwasha gari.

Ufunguo wa minyororo ulikuwa kwenye droo, karibu na goti langu.

Yaliyotokea kwenye kona uliyasikia kwa watu, na wameyaongezea chumvi, kwa hiyo nikupe yale niliyoyapata kwa waliokuwemo. Gari liliingia kwenye kona na nyuma likaanza kuserereka kuelekea bondeni. Hakupiga breki. Alifanya kila kitu alichowahi kunieleza akiwa ameketi kwenye meza hii. Lakini matope ya vidole vinne bila minyororo hayajali ujuzi wa mtu. Landrova ililala ubavu ndani ya mianzi. Mianzi ndiyo iliyoizuia, la sivyo leo ningekuwa nakuandikia barua nyingine. Mgeni mmoja alivunjika mfupa wa bega. Nyaga alivunjika nyonga, na kule kuchechemea unakokuona ndiko kulikobaki.

Jioni ile Kapteni hakuniambia niseme uongo. Mtu wa aina yake haagizi kitu kinachoweza kurudiwa na mwingine. Alisema tu kwamba kutakuwa na maswali kutoka kwa watu wa bima, na kwamba anatumaini kitabu changu ni safi. Karani mzuri hafuti, kwa sababu kufuta kunaonekana. Nilitoa uzi wa kitabu, nikachomoa karatasi ile, nikaandika upya juma zima kwa mwandiko uleule, nikibadilisha kalamu mahali ambapo kweli nilikuwa nimebadilisha kalamu, nikakishona tena. Nilikuwa nimetulia kabisa. Kama ungeniona ungesema baba yako anafanya kazi kwa bidii.

Watu wa bima walikutana na Kapteni ofisini, Nyaga akiwa bado hospitalini. Ubao ulikuwa umesema viwili, kitabu kikasema viwili, wageni wakasema gari liliteleza. Basi dereva aliendesha vibaya. Alifukuzwa kazi, na kwa sababu ya ripoti yao alinyimwa kibali cha kubeba wageni mlimani, akakaa miaka miwili akitengeneza pampu za maji na baiskeli za watu kule Karurumo.

Nilienda kumwona hospitalini. Ndiyo, nilithubutu. Nilibeba mkate na maziwa. Nilikuwa nimepanga maneno tangu kituo cha mabasi. Alinitazama kutoka kitandani, mguu umefungwa, na kabla sijafungua mdomo akasema, "Pole, karani. Nimekuharibia kitabu."

Nikamwambia asijali.

Tafadhali soma tena sentensi hiyo ya juu. Mimi nimeisoma moyoni kwa miaka sita na bado siamini ni ya mtu ninayemnyoa ndevu kila asubuhi.

Baada ya hapo nilienda mlimani mara moja, kwa basi kisha kwa miguu, Jumapili ambayo nilikudanganya wewe na mama yako kwamba kuna mkutano wa kanisa. Sijui nilitaka nini. Nilipofika getini nikamsalimu askari, naye akacheka akasema, "Wewe ndiwe ile sauti ya asubuhi." Alikuwa Muthomi. Alinipeleka hadi kwenye kona, akanionyesha mianzi iliyovunjika. Tukasimama. Halafu akasema, bila hasira, "Mimi nilikuambia vinne." Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Nimwambie nani? Nani aliniuliza?" Na ni kweli, hakuna aliyemuuliza. Watu wa bima waliuliza kitabu. Walikuja ofisini, wakanywa chai, wakasifu mwandiko. Mtu aliyechomeka fimbo kwenye matope kwa mkono wake hakuhojiwa na yeyote, kwa sababu alikuwa mbali na hakuwa na taipu.

Nilirudi nyumbani nikala chakula cha jioni. Mlikuwa mmepika maharagwe ya njahi.

Kisha miaka ikapita, nikadhani Nyaga amekwisha maishani mwangu. Nikapandishwa cheo, nikapewa kiti cha kuzunguka. Hadi mvua zile za El Niño, ulipokuwa shuleni kule Runyenjes, na lori la shule likazama, akaja mzee mmoja anayechechemea na landrova kuukuu akalivuta kwa winchi, na akamwacha msichana mmoja aliyeuliza maswali mengi ashike kebo na kutoa ishara. Uliporudi likizo ulizungumza juu ya winchi siku tatu mfululizo. Siku ya tatu ulitaja jina lake. Mama yako akasema, si ndiye yule mliyefanya naye kazi, na mimi nikasema dunia ni ndogo.

Ningeweza kusema wakati huo. Ningeweza kusema likizo iliyofuata, ulipomwandikia barua kuomba akufundishe. Na ningeweza kabisa kusema juzi alipokuja nyumbani kuomba ruhusa yetu kama mtu mwenye adabu, na kilo ya sukari mkononi, akaketi kwenye kiti changu kwa sababu mama yako alimlazimisha. Ulikuwepo. Ulimsikia akimwambia mama yako kwamba katika ofisi ile nzima ya waongo, karani peke yake ndiye aliyekuwa mtu wa kweli, na kwamba hangekubali kumchukua binti wa mtu mwingine yeyote kutoka kwa kampuni hiyo. Ulinitazama kwa fahari. Nilikuwa nikikoroga chai isiyo na sukari.

Halafu ulimuuliza kuhusu ajali, kwa sababu wewe huuliza kila kitu, naye akakueleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Labda wewe ulilichukua kama somo la kawaida. Mimi lilinitoboa. Alisema kwamba alipofika kwenye kona alisikia gari linaogelea, akasikia mikononi na hata kwenye makalio kwamba hayo si matope ya vidole viwili. Lakini akajiambia, ubao umesema viwili, na karani amesema ni vya redio. Basi ni mimi. Ni mikono yangu imezeeka. Akaendelea. Na tangu siku ile, akasema huku akiitazama mikono yake kama zana mbovu, haiamini tena. Akifika mahali pabaya humpa mtu mwingine usukani. Ndiyo sababu anataka kijana wa kumfundisha upesi, mwenye macho mazuri.

Umeelewa sasa, mama? Mikono ile haikukosea. Ukiacha fimbo ya Muthomi, ndiyo iliyokuwa kitu pekee asubuhi ile kilichosema ukweli, kuanzia Meru hadi kwenye mianzi. Nikaifanya ionekane inadanganya, na mwenye mikono akaamini. Miaka sita anajidharau kwa dharau iliyopaswa kuwa yangu. Na sasa atakuketisha kwenye usukani mahali ambapo yeye anaogopa kukaa, atakufundisha kwamba ubao ukisema hivi na mwili wako ukisema vile, mwili wako ndio uliokosea. Atakufundisha hivyo kwa upendo wote. Na siku moja, kwenye kona fulani, utamtii.

Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko Kapteni, na nilikuwa sijui kwamba kuna kitu ninachoweza kukiogopa kuliko Kapteni.

Siwezi kukufundisha gari. Sijawahi hata kulirudisha nyuma. Lakini ninawajua makarani, kwa hiyo nikupe hilo. Utakutana na watu kama mimi kila mahali unapokwenda, getini, ofisini, kwenye redio, watu wenye shati safi na sauti ya upole watakaokuambia njia ikoje. Ukiuliza na mtu akajibu haraka mno, mwangalie vizuri. Mwenye kusema kweli mara nyingi hugeuka kwanza kuangalia kitabu. Mimi sikuangalia kitabu Nyaga aliponiuliza, kwa sababu nilijua kimeandikwa nini. Usivutwe na mwandiko. Uliza ni nani aliyechomeka fimbo, na kama ana jina, na kama unaweza kuzungumza naye. Na ukihisi gari linaogelea, simama, shuka, vua viatu, hata kama wageni sita wananung'unika kwa hasira nyuma yako na kuna mtu wa kofia mjini atakayekuandikia onyo. Waache waandike. Najua ni nani huyapiga maonyo hayo kwa taipu, na ninakuhakikishia si mtu wa kumwogopa.

Utaniuliza kwa nini sikuacha kazi. Nilikuwa na sababu nzuri kila mwaka. Karo yako ilikuwa sababu nzuri sana, nikaitumia hadi ikachakaa. Sasa umemaliza shule na bado niko kwenye kiti cha kuzunguka, kwa hiyo haikuwa karo. Nilipenda kuitwa mtu mwangalifu. Nilidhani mtu asiyethubutu kitu hawezi kumdhuru mtu. Nimewacheka madereva miaka hii yote kwa majigambo yao, nikamcheka Kapteni na ndoo yake ya matope, nikawacheka wageni, na katika kundi hilo lote mimi ndiye pekee niliyemlaza mtu ubavuni kwenye mianzi, bila kuinuka kitini.

Karatasi ya zamani niliyoichomoa kitabuni sikuichoma. Sijui kama ni dhamiri au ni ukarani. Makarani hatutupi kitu. Kesho jioni nitaitoa nilikoiweka. Jumamosi nitapiga kwa taipu maelezo yangu kwa watu wa bima na kwa ofisi inayotoa vibali, nakala tatu, na moja nitaiacha kwenye meza ya Kapteni. Jumatatu huenda nisiwe na meza yangu. Mama yako bado hajui lolote. Nitamwambia kesho, ukishaondoka, na naomba usimwandikie kabla yeye hajakuandikia. Yeye pia nataka asikie kwa mdomo wangu.

Na Jumapili, baada ya ibada, nitakuja Karurumo. Nitamwambia Mzee Nyaga mwenyewe, mbele yako. Usimwambie kabla yangu. Hilo ni deni la mdomo wangu, na nataka aniangalie ninapolisema.

Lakini ninajijua, Kendi. Nimeshaandaa safari kama hii mara nyingi kichwani, na kila mara kitu kilinitokea: mvua, homa, kazi ya ghafla. Kwa hiyo sikuachii ahadi yangu peke yake, maana umeshaona thamani yake. Ikifika saa kumi Jumapili na hujaniona nikishuka pale kituoni, usinisubiri, wala usinitafutie sababu. Mkalishe mzee chini, umsomee barua hii kuanzia mwanzo hadi hapa, kwa sauti, bila kuruka mahali popote kwa kunihurumia.

Na kabla ya Jumapili, akikuambia tena kwamba mikono yake ndiyo iliyokosea, usiitikie.

Ni mimi baba yako,
Mutuma